Somo la Udongo

Siku Nsimire Cirhuza alipopata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, baba yake alinyoa ndevu katikati ya juma, jambo ambalo hakuwa akilifanya ila kwa Misa ya Jumapili au kwa maziko. Matokeo yalisomwa redioni, shule baada ya shule, na watu wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, walikuwa wamejazana penye kila redio iliyokuwa na betri nzima. Jina la Nsimire lilipotajwa, mama yake, Adolphine, aliketi chini palepale jikoni, mwiko mkononi. Baba hakuketi. Alitoka nje, akaizunguka nyumba yake mara moja, polepole, akizigusa kuta, kisha akarudi ndani akatafuta wembe.

Muzee Cirhuza alikuwa mwashi. Nyumba ile aliijenga mwenyewe miaka mitatu kabla ya uhuru, juu ya mteremko wa Kadutu, kwa matofali ya kuchoma, vyumba vinne na baraza, katikati ya majirani waliojenga kwa mbao na udongo. Lori liliyamwaga matofali chini barabarani, na yeye na mkewe wakayapandisha kwa kichwa, safari moja baada ya nyingine, kwa miezi. Ukikaa barazani uliliona ziwa, na rasi za mji zikiingia majini kama vidole. Wapita njia walionyeshana kwa mkono: ile kule, ya matofali, ni ya Cirhuza.

Nsimire alikulia kwenye mchanga na chokaa. Akiwa na miaka saba alijua kushika timazi. Akiwa na kumi, baba yake alikuwa akimchukua kazini siku za Jumamosi ili amwangalizie kama ukuta umenyooka, kwa sababu, alisema, jicho la mtoto halijazoea kusamehe.

Fomu ya kuombea chuo kikuu ilikuwa karatasi ya kijivu yenye mistari mitatu, mstari mmoja kwa kila chaguo. Mkuu wa shule alimshauri Nsimire kwa upole aandike ualimu, kwa kuwa chuo cha ualimu kilikuwa palepale Bukavu na msichana angelala kwao. Adolphine naye alitaka hivyohivyo. Wakakaa mezani watatu, karatasi katikati, na Nsimire akaanza kujaza. Jina lake la ubatizo, Colombe, hakuliandika. Miaka ile ya Zaïre Serikali ilikuwa imeyakataza majina hayo, likabaki la nyumbani, la mama kumwitia chakula. Alipofika kwenye ile mistari mitatu alinyanyua kalamu, akamtazama baba yake.

“Andika ile ya kujenga,” baba alisema.

“Génie civil, papa. Lakini ni mistari tatu. Banataka chaguo tatu.”

“Andika ile ile ku mistari yote tatu.”

Adolphine alilalamika kwamba huko ni Kinshasa, ni mbali, ni kwa watu wanaosema Lingala, na kwamba tangu lini mwanamke akapanda juu ya ukuta. Cirhuza hakubishana naye. Kesho yake alianza kutafuta vyeti: cha kuzaliwa, cha mwenendo mwema, cha uraia, picha nne. Yeye, mtu aliyechukia kukaa, alikaa kwenye mabenchi ya ofisi kwa majuma matatu, kofia magotini, kumtafutia binti yake mihuri. Watu walisema ni kiburi cha mwashi anayetaka mtoto injinia. Nsimire naye aliamini hivyo, na kwa kweli alikifurahia kiburi kile.

Jibu lilipotoka, jina lake lilikuwamo. Siku ya kuondoka, walifuatana hadi uwanja wa ndege wa Kavumu, baba amebeba sanduku kichwani ingawa kulikuwa na vijana waliojitolea kulibeba. Mama alilia, akampa unga na samaki wadogo wakavu wa ziwani, wale wanaoitwa sambaza, waliofungwa kwenye kitambaa. Baba hakumwambia asome kwa bidii wala aogope Mungu. Alimwambia neno moja tu, na Nsimire alilichukulia kuwa neno la fundi kwa fundi mwenziwe.

“Ukifika ku mambo ya udongo, uniandikie.”

Kinshasa, siku ya kwanza, walikuwa wanafunzi themanini na sita ukumbini, wasichana wawili. Yule mwingine aliitwa Yolande, mtoto wa Matadi, mcheshi, aliyekaa naye benchi moja na kumfundisha Lingala ya kutosha kununua mkate. Baada ya mitihani ya kwanza Yolande alihamia uchumi. Alikuja kuaga na kusema kwamba huko kuna wasichana kumi na wanne na wanacheka. Kuanzia hapo benchi likabaki la Nsimire peke yake. Wavulana hawakuwa wabaya. Walimwita Citoyenne Béton, yaani Mwananchi Zege, wakamwazima vitabu, lakini walisoma kwa makundi jioni vyumbani mwao, mahali ambapo msichana hakuweza kuingia bila kusemwa, na kwa hiyo hesabu ambayo wao waliitatua watano kwa saa moja, yeye aliitatua peke yake kwa siku mbili. Katika nyumba ya wasichana aliishi na wanafunzi wa sheria na wa udaktari. Wakati wa chakula walipoanza kuzungumza juu ya kesi na wagonjwa, yeye hakuwa na cha kusimulia. Nani atasikiliza habari za boriti? Akisema Kiswahili, walimwigiza kwa upendo, na upendo ule ulimchosha. Ikafika mahali alipita siku nzima, tangu kuamka hadi kulala, bila kutamka neno ila kujibu “présente” jina lake likiitwa.

Mtu pekee aliyezungumza naye kazi yake alikuwa baba, na baba hakujua kusoma ila tarakimu na jina la binti yake. Basi Nsimire akawa anamwandikia kwa michoro. Alimchorea boriti iliyobeba mzigo, na mishale ikionyesha nguvu zinakopita. Alimchorea tao la daraja, na jinsi kila jiwe linavyolisukuma lenzake. Jibu lilikuja baada ya majuma sita au saba, limeandikwa na jirani yao, Papa Benoît, aliyekuwa na mwandiko wa karani. Baba alisema michoro ameielewa. Alisema ule wa tao ameuonyesha mafundi wenzake na mmoja hakuamini. Kisha, mwisho wa kila barua, kabla ya salamu, palikuwa na swali lilelile: umeshafika ku udongo?

Alifika mwaka wa tatu. Profesa aliingia na ndoo ya udongo wa mfinyanzi, akaukanda, akaukata vipande viwili, akaupaka maji katikati, na wote wakaona jinsi kipande cha juu kilivyoteleza juu ya chenzake. Kisha alichora kilima ubaoni, na ndani ya kilima akachora mstari wa mviringo, kama kijiko kilichozama. Sehemu ya juu ya mstari ule, alisema, hutembea. Haianguki siku moja. Hutembea mwaka hata mwaka, kidogokidogo, na siku moja ya mvua nyingi inaweza kwenda yote. Akataja dalili: miti inayoinama, ufa wa mviringo kule juu kama nyusi, nyufa za ukutani zinazopanda kwa mshazari kutoka pembe za madirisha, na milango isiyofunga.

Nsimire aliacha kuandika. Alikuwa akiuona mlango wa jikoni wa nyumbani, ule ambao baba yake aliuranda kila mwaka kabla ya Pasaka kwa kuwa ulikwama. Alikuwa akiiona mikaratusi ya nyuma ya nyumba, iliyoinama kama wazee penye moto. Aligeuka kushoto na kulia. Benchi lilikuwa tupu.

Somo lile hakumchorea baba yake. Barua ya Benoît ilipofika na swali lake la mwisho, Nsimire alijibu: bado, papa. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwake.

Alirudi Bukavu likizo ya mwaka 1978, mwezi wa saba, kiangazi kikuu, vumbi jekundu hadi kwenye majani ya migomba. Alikuwa hajafika kwao miaka miwili. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa mpya na iling'aa hadi chini barabarani. Adolphine alimpikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, akamkazia macho akisema amekonda. Baba alikaa karibu naye, akangoja. Nsimire alijua anangoja nini, naye akasimulia habari za safari ya ndege.

Kesho yake, baba alipokwenda kazini, Nsimire alizunguka nyuma. Chini ya chokaa mpya mkono wake ulizihisi: nyufa tatu zilizozibwa, zinapanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha la jikoni. Alipanda juu kwenye shamba la maharage la majirani, na pale, kati ya mashina makavu, akaukuta ufa wa ardhini. Ulikuwa wa mviringo, mrefu kama hatua arobaini, na kiganja chake kilizama ndani. Akapigilia vijiti viwili, kimoja kila upande, akapima kati yao kwa mita ya baba yake. Baada ya majuma matatu, bila tone la mvua, vilikuwa vimeachana sentimita moja na nusu.

Ukutani alifanya kama alivyofundishwa. Alikwangua chokaa, akapaka kipande chembamba cha simenti katikati ya kila ufa, kama plasta juu ya kidonda, na juu yake akaandika tarehe kwa msumari. Kwa Kifaransa kitu hicho kinaitwa témoin, shahidi: ukuta ukisogea, simenti inakatika, na tarehe inasema ilikatika lini. Alikuwa na mashahidi watatu. Siku ya sita mmoja alikatika. Siku ya saba asubuhi aliwakuta wote watatu wamebanduliwa, nyufa zimezibwa, chokaa imerudishwa, bado mbichi. Ndani ya nyumba ile mtu mmoja tu alijua kuziba ufa vizuri namna ile. Mezani walipitishiana chumvi kwa adabu kama wageni.

Jumapili moja baada ya Misa alimfuata barazani.

“Papa, nyumba inatembea.”

“Nyumba haina miguu.”

“Si nyumba. Ni kilima chote, kuanzia kule ku shamba la maharage mpaka chini ku mikaratusi. Ukuta wako hauna kosa hata moja. Lakini mvua ya mwaka huu ama ya mwaka kesho, tusiwe humu ndani.”

Cirhuza aligeuza macho ziwani. Alipozungumza hakupandisha sauti.

“Ulisoma miaka tatu juu ya kuja kuniambia hii?”

Aliingia ndani, na kwa majuma mawili hakumsemesha. Likiwapo la kusema, alimwambia mkewe: mwambie binti yako anisongeshee kiti. Adolphine alibeba maneno kutoka chumba hadi chumba, na hakuelewa mlango gani ulikuwa umefungwa kati ya watu hawa wawili, ambao zamani walikuwa wakizungumza matofali hadi chakula kinapoa. Kwa Nsimire hali ile ilikuwa ngumu kuliko Kinshasa. Kule alikuwa peke yake kwa kuwa hakuna aliyemjua.

Alijaribu kwingine. Alimweleza Papa Benoît, na Benoît, mtu mwema, alicheka akisema kilima kile kilikuwapo tangu babu wa babu zao. Alimwomba mkuu wa mtaa kwamba Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, watu wachimbe mfereji juu ya ule ufa ili maji ya mvua yasiingie. Mkuu akaona ni wazo zuri. Jumamosi ilipofika, watu walipelekwa kufyeka nyasi za uwanja wa mikutano, kwa sababu kulikuwa na mgeni wa chama. Alikwenda hadi ofisi ya mji na vipimo vyake kwenye daftari. Karani alimuuliza kama yeye ni injinia. Akajibu ni mwanafunzi. Karani akamrudishia daftari kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akasema arudi akiwa na muhuri.

Siku hiyo, mwezi wa tisa, wingu la kwanza likiwa limekwisha kukaa juu ya milima, alipanda Kadutu kwa miguu huku akipanga maneno mengine ya kumwambia baba. Alipofika juu aliona watu wamesimama njiani wakitazama. Cirhuza alikuwa juu ya paa, nyundo mkononi, anang'oa misumari.

“Kamata,” alisema, na akamteremshia bati la kwanza.

Nsimire alilipokea, akaliegemeza ukutani, akarudi kupokea la pili. Waliendelea hivyo hadi upande mmoja wa paa ulipokwisha na chumba alichozaliwa kikawa wazi juu, mwanga ukimiminika juu ya kitanda kana kwamba umepotea njia. Adolphine alikuwa ndani akikunja nguo. Alikuwa amelia na amemaliza. Baba alishuka, akaketi juu ya rundo la mabati, akajifuta uso. Nsimire akaketi karibu, si karibu sana.

“Nilijua,” baba alisema.

“Tangu lini?”

“Ulikuwa ungali ku shule ya primaire. Mulango ya jikoni njo iliniambia. Nikairanda. Mwaka uliofuata ikakwama tena, nikairanda tena. Fundi anajuaka nyumba yake, Colombe.”

Hakuwa akimwita jina hilo. Lilikuwa la mama. Nsimire aliuliza kwa nini hakuwahi kusema.

“Ningemwambia nani? Mama yako alipandisha hizi matofali na mimba yako ku tumbo.” Alichukua msumari uliopinda, akaanza kuunyosha juu ya jiwe. “Nikasema, huyu mutoto ana kichwa. Nilionaka Wazungu wanajenga ku milima, na nyumba zao zinasimama. Basi dawa iko mu vitabu, ni sisi tu hatuisome. Nikakutuma ulete dawa. Na wewe umeniletea jina ya ugonjwa.”

Kulikuwa na watu wanatazama, kwa hiyo Nsimire hakulia. Alikumbuka mabenchi ya ofisi, mihuri, mistari mitatu iliyojazwa neno moja, na lile swali la mwisho wa kila barua. Miaka yote aliyodhani baba yake anajivuna, alikuwa anangoja daktari.

“Na ile simenti uliweka ku ukuta,” baba aliendelea, “na tarehe juu. Nilikuwa naiona kama musalaba wa ku kaburi. Njo maana niliitoa.”

“Dawa iko, papa,” Nsimire alisema mwishowe. “Kutoa maji ndani ya kilima kwa mifereji, na kupanda miti, na kuacha kujenga. Lakini ni dawa ya kilima kizima. Haiko ya nyumba moja.”

“Basi haiko yetu,” Cirhuza alisema, akasimama, akapanda ngazi.

Iliwachukua siku kumi na moja. Walibomoa kwa mpangilio, kutoka juu kwenda chini, kama vile ilivyojengwa ila kinyume chake, na tofali lililotoka zima lilipanguswa chokaa na kupangwa. Watu waliacha kushangaa siku ya tatu. Wengine walisema vitabu vimemharibu msichana naye amemharibu baba. Wengine walisema kwamba mtu habomoi nyumba nzuri bila kukimbia kitu. Matofali yalishuka kwa vichwa hadi barabarani, na safari hii Adolphine alikatazwa kubeba, naye akabeba. Lori likawapeleka Mumosho, nje ya mji, kwa Donatien, mdogo wake Cirhuza, ambaye aliwakatia kiwanja kidogo tambarare kando ya migomba yake. Kile cha Kadutu waliwaachia kina Benoît.

Nsimire alipaswa kurudi masomoni kabla vyumba viwili vya Mumosho havijapata paa. Mama alimsindikiza Kavumu. Baba alisema ana chokaa mbichi, haiwezi kungoja.

Mwaka wa nne na wa tano alisoma kama mtu anayechimba. Mwanzoni aliendelea kumtumia baba yake michoro. Majibu yalikuja kwa mkono wa Donatien, kwa niaba ya mama: mbuzi wamezaa, mvua ni nyingi, maharage yameoza, baba anakusalimia. Swali la udongo halikuulizwa tena. Alisikia kwamba baada ya kumaliza vile vyumba viwili, Cirhuza aliitundika timazi ukutani, na watu wa Mumosho walipokuja kumtaka kazi aliwaelekeza kwa mafundi wengine. Aliamka mapema, akapeleka mbuzi malishoni, akarudi. Michoro ikapungua, kisha Nsimire akaacha kuituma.

Kazi yake ya kumalizia masomo aliiandika juu ya mteremko wa Kadutu: mifereji mingapi, ya kina gani, ipite wapi, maji yatokee wapi. Profesa aliyemsimamia alimwuliza kwa nini amechagua kilima kidogo ambacho hakuna mtu Kinshasa anayekijua, na yeye akajibu kwamba ana vipimo vyake. Alipata alama nzuri. Siku ya kutangazwa, uani mwa chuo kulikuwa na vigelegele, familia nzimanzima zimekuja na mavazi ya sare, zikiwamwagia watoto wao poda nyeupe kichwani kama ilivyo desturi ya kule. Nsimire alisimama na karatasi yake kando ya ukuta. Mama mmoja asiyemjua, aliyekuja kumshangilia mwanawe, alimwona, akamsogelea na mkebe wake, akammwagia poda kidogo, akamwambia kwa Lingala maneno ambayo hakuyaelewa yote, kisha akarudi kwa watu wake. Nsimire hakuiosha poda ile hadi kesho yake.

Alirudi Bukavu mwaka 1980. Kabla ya kwenda Mumosho alipanda Kadutu. Mahali pa nyumba yao palikuwa na nyumba ya mbao ya mtoto wa Benoît aliyeoa, na nguo ndogondogo za mtoto mchanga zilianikwa kwenye kamba. Nyumba ilikuwa imeegemea upande mmoja lakini imesimama. Benoît alimkumbatia, akamletea kiti, akamwonyesha kilima kwa mkono wazi.

“Si unaona? Kilima kiko. Mungekuwa mungali hapa.”

Nsimire aliomba kuzunguka nyuma. Msingi wa mawe wa baba yake ulikuwa bado pale, kwenye majani. Ulikuwa umekatika katikati, na nusu ya upande wa jikoni ilikuwa imeshuka chini ya nyingine kwa urefu wa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole. Aliupima hivyo mara mbili. Kuta za matofali juu ya msingi ule zisingekuwapo tena. Alikuwa sahihi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia ila baba wa yule aliyekuwa akiishi juu yake. Akamwambia. Benoît alimsikiliza, akasema mbao zinajua kuinama, na akauliza watahamia wapi. Kwa mbao hakukosea. Kitabu chake cha mifereji alikipeleka ofisi ya mji, safari hii kikiwa na muhuri, na karani alikipokea, akakiandika kwenye daftari la vitu vilivyoingia, akakifungia kabatini.

Mumosho, alimkuta baba yake ameketi mlangoni anapukuchua maharage. Alikuwa amezeeka mabegani. Walisalimiana, na Nsimire akachukua ungo, akaketi kumsaidia. Mama alikuwa amekwenda kisimani.

“Nilipita Kadutu,” Nsimire alisema. “Fondasion imekatika.”

Cirhuza aliendelea kupukuchua. “Upande gani?”

“Ya jikoni.”

“Ee.” Akajaza kiganja, akamimina. “Na huyu mutoto wa Benoît, iko analala wapi na bibi yake?”

“Sikuuliza, papa.”

“Umwambie asilaze mutoto upande ile.”

Hakuuliza msingi umeshuka sentimita ngapi, wala hakutaka kuiona diploma, ingawa mama aliporudi aliifunua, akaishika kwa kanga asiichafue, akawaita kina Donatien wote waje kuitazama. Cirhuza aliitazama pamoja na wengine, kutoka nyuma, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameiona. Kisha akaenda kufunga mbuzi.

Nsimire alipata kazi katika ofisi ya barabara, akapanga chumba kimoja mjini, Nyawera. Jumapili alikwenda Mumosho. Adolphine alimwuliza habari za ndoa. Baba alizungumza juu ya mvua. Mwezi wa pili ofisi ilimtuma kwenye kipande cha njia ya Bunyakiri, ambako maji yalikuwa yamekula ukingo, na kazi ingechukua hadi kiangazi. Alikwenda kuaga. Alimwomba baba yake afuatane naye, akae siku chache tu, aone jinsi ukuta wa mawe utakavyosimamishwa. Alisema kungekuwa na mahali pa kulala, na kwamba mafundi wale ni vijana, wangehitaji jicho.

“Na mbuzi?” Cirhuza alisema.

Donatien alisema mbuzi angewachunga yeye. Mzee alifikiri, au alionekana anafikiri. Akasema miguu inamuuma. Akamshika Nsimire begani, mara moja, kwa ule mkono wake mpana wa kuinua mawe, kisha akauondoa.

Mama alimsindikiza hadi migomba ilipoishia, akarudi kwa sababu manyunyu yalianza. Nsimire alishuka njia kuu peke yake, mfuko mgongoni. Alingoja zaidi ya saa moja. Lori lililosimama lilikuwa limebeba magunia ya muhogo, na dereva akamfungulia mlango wa mbele. Walipopita Panzi alimwuliza kama yeye ni mwalimu. Alimjibu hapana, anajenga barabara. Dereva alicheka kidogo, kwa adabu, akaongeza sauti ya redio.